Mbuzi Chini ya Bendera

Asubuhi ile mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa bendera, mbele ya jengo la utawala, na alikuwa ameshayamaliza maua ya Mkuu wa Chuo upande wote wa kulia. Alikuwa dume jeupe pe, lisilo na doa hata la ukubwa wa punje ya wimbi. Juu yake bendera ilining'inia imelowa ukungu wa mlimani. Mbele yake wafanyakazi wa Chuo walisimama nusu duara, kama watu waliofika matangani wasijue ni nani aliyefariki.

"Ameletwa na nani?"

"Profesa Kirinya."

"Wacha uongo!"

"Haki ya Mungu! Si mimi niliyemfungulia lango?" alisema mlinzi wa zamu. "Amekuja akimvuta kwa kamba, suti amevaa, tai amefunga. Nimemsalimu, hakuitika. Amemfunga hapo, akampiga kofi dogo mgongoni, akaenda zake ofisini."

Lydiah, mpishi mkuu, alitoka jikoni na mwiko mkononi, uji ukimdondokea kwenye aproni. Hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Jikoni kwake ndiko habari za Chuo zilikoivia kabla hazijapakuliwa kwingine, na kama kulikuwa na umati asioujua sababu yake, basi dunia ilikuwa imekosea hesabu. Akaupasua umati kwa kiwiko. "Nipisheni, nipisheni, kwani mnatazama arusi?" Halafu akamwona mbuzi, na mbuzi akamwona yeye, akalia ule mlio mfupi wa mnyama anayemtambua anayemlisha.

Mwiko ulimponyoka.

Mbuzi alikuwa wake. Jana jioni tu alikuwa amemfungua zizini kwa mkono wake, akamwombea, akamtuma kwa Profesa. Hakuwa mbuzi wa kuuzwa wala wa kuchinjiwa wageni. Alikuwa mbuzi wa maombi. Na sasa alikuwa amerudishwa, mchana kweupe, mbele za watu. Tangu azaliwe, Lydiah alikuwa amesikia kisa kimoja tu cha mbuzi wa maombi kurudishwa, na nyumba iliyorudishiwa ilihama kilima kile ikaenda kuishi kwa watu wengine. Akakaa pale pale kwenye ngazi, mpishi mkuu mzima, kama gunia lililotuliwa.

Yote yalianzia kwenye semina.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, zile mvua za El Niño zikiwa zimetoka tu kuibomoa nchi, na Mkuu wa Chuo alikuwa amechoka. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga, kimejengwa juu kidogo ya Kanyakine mahali palipokuwa na mashamba, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wamefanya kazi katika shule za sekondari. Wakakiendesha kama sekondari. Mzee Naftaly wa langoni alikuwa amemrudisha mama mmoja kutoka Kibirichia, gunia la viazi mgongoni, akimwambia siku ya wazazi bado. Mpishi mmoja wa Lydiah aliwanyima chai wanafunzi waliokuja saa nne, kwa kuwa saa nne ni saa ya masomo na hakutaka kulisha watoro. Mkuu akaona heri kila mtu, kuanzia langoni hadi jikoni, afundishwe jinsi chuo kikuu kinavyofanya kazi.

Mwalimu wao alikuwa Bi. Wamuyu, msaidizi wa msajili, binti wa Kibugu aliyekulia kwenye michai, mwembamba, mwenye sauti ya upole na shahada ambayo fremu yake bado ilinukia vanishi. Aliwakusanya bwaloni baada ya chakula cha mchana: wapishi, wafagiaji, madereva, walinzi, makarani. Shibe ya githeri, mahindi na maharagwe, iliwakalia kwenye kope.

"Hapa mwalimu wa zamu ni nani?" Naftaly aliuliza.

"Hakuna mwalimu wa zamu, mzee."

"Na kengele hupigwa na nani?"

"Hakuna kengele."

Naftaly aliwatazama wenzake kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Basi ndiyo maana," akasema, akakaa.

Lennox, dereva wa basi, ambaye hakuwahi kuliona tundu la utani akaliacha wazi, aliinua mkono. "Na mhadhiri asipokuja darasani, Madam, huchapwa na nani?"

Bwalo likaangua kicheko. Bi. Wamuyu naye akacheka, akafuta ubao, akaanza tena. Akaeleza idara, akaeleza kitivo, akaeleza kwamba mtihani husahihishwa na mmoja na kupitiwa na wengine, na matokeo hayawi matokeo mpaka yapitishwe na Seneti. Hapo ndipo Lydiah alipoamka sawasawa.

"Ngoja hapo, mwanangu. Unasema Mkuu wa Chuo hawezi kumpitisha mtoto mtihani?"

"Hawezi."

"Hata akitaka?"

"Hata akitaka, Mama. Hana uwezo huo peke yake."

Tangu Chuo kifunguliwe Lydiah alikuwa akimtengea Mkuu mnofu mzuri kuliko wote, si kwa ajili yake mwenyewe bali kwa ajili ya wale watoto, akiamini kwamba hatima zao zote zimo katika tumbo lile moja.

"Mama Mukiri!" Lennox alimwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Kumbe hiyo minofu yote imekwenda bure! Si ungenipa mimi, angalau nikuendeshe!"

Bi. Wamuyu aliyatazama macho yale mbele yake, mengine yakicheka, mengine yakisinzia, akatafuta daraja la kuwavusha. Akaliona. "Sikizeni," akasema. "Si mnaijua Njuri?"

Njuri ni baraza la wazee ambalo Mmeru hulitaja kwa sauti ya chini hata akiwa peke yake shambani.

"Seneti ni kama Njuri. Wazee wa elimu wanakaa pamoja. Hakuna mmoja anayekata shauri. Wanasikiza, wanapima, wanakubaliana, na neno lao likitoka limetoka. Na anayeona ameumizwa ana haki ya kurudi mbele yao kuwasihi watazame tena. Hiyo ndiyo rufaa."

"Aaa!" bwalo lote likasema kwa pamoja, na ilikuwa sauti ya watu waliofika upande wa pili. Naftaly alitikisa kichwa kwa heshima mpya. Hata waliokuwa wakisinzia walikaa wima. Bi. Wamuyu alikunja chati zake uso ukimeremeta, na jioni ile alimweleza kila aliyekutana naye jinsi somo lilivyoingia.

Mfano ni daraja, nalo daraja zuri humfanya mtu asitazame maji. Hakuna aliyemuuliza Bi. Wamuyu daraja lake limeishia wapi, naye hakufikiri kuwaambia.

Na Lydiah alikuwa na mtu wa kumsihia.

Jina lake Antony Rwamba, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mrefu wa Mbeere, kule chini ambako mawe husitawi kuliko mahindi. Lydiah alimpenda kwa sababu moja ndogo: alipopitia jikoni kuomba maji ya moto, aliwasalimu wapishi kwa kufuata umri wao, mkubwa kwanza, hata kama mkubwa alikuwa amejificha nyuma ya masufuria. Kwao alikuwa wa kwanza kuvuka lango la chuo kikuu. Harambee ya kumpeleka ilifanywa na kanisa zima, na kanisa zima lilikuwa likimsubiri arudi na joho.

Zilipokuja zile mvua, baba yake alifariki. Antony akaenda kuzika. Mazishi hayajaisha, mto Thuchi ukapanda ukala daraja la miti walilolitegemea, ukala na zizi la mama yake lenye mbuzi ndani. Maji yaliposhuka akavuka, akafika Chuoni na matope magotini, akakuta mitihani imekwisha na bwalo limefagiliwa. Muhula uliofuata jina lake likabandikwa ubaoni pamoja na ya wale walioachishwa masomo kwa kutofanya mitihani.

"Nimekata rufaa, Mama," alimwambia Lydiah. "Nimeandika yote. Hata chifu amenithibitishia."

"Umeandika."

"Ndiyo."

"Na nani ameenda kukusemea?"

"Karatasi zitasema, Mama."

Lydiah alifyonza. "Karatasi haina macho ya kulia, mwanangu."

Alikuwa amelelewa akijua hivi: mtu hafungui kinywa cha wazee akiwa na mikono mitupu. Anayeombewa hukaa nyumbani, maana aibu yake ingeyaziba masikio ya wasikizaji. Watu wake ndio hutangulia, wanaume wa nyumba yake, na dume la rangi moja, na kibuyu cha uji wa wimbi uliotiwa asali. Mbuzi huyo haliwi na mzee mmoja chumbani. Huchinjwa uwanjani, kila mtu akale, hata yule mshtaki mwenyewe, maana mliokula mbuzi mmoja hamwezi kulala na kinyongo. Na tangu semina ile, jambo lililokuwa gizani lilikuwa limemwangazia: hawa maprofesa walikuwa wazee wa Njuri, na yule mtoto wa watu alikuwa amewapelekea karatasi! Nani asingekasirika?

Baba wa Antony alikuwa chini ya udongo, hivyo Mzee Naftaly akakubali kusimama mahali pake. Lennox angemvuta mbuzi. Lydiah angebaki nyuma, kwa kuwa mwanamke haendi mbele ya wazee. Walipata habari kutoka kwa karani, ambaye alizipata kwa kusikiliza tu, kwamba kamati ya rufaa itakaa Alhamisi na mwenyekiti wake ni Profesa Kirinya. Moyo wa Lydiah uliruka kwa furaha. Kirinya alikuwa mtu wa nyumbani, mtoto wa mzee aliyejulikana. Huyo hangehitaji kufafanuliwa jambo.

Jioni ya Jumanne msafara ukatoka. Haukupita vichochoroni. Ulipita barabara kubwa, mbele ya posta, mbele ya maduka, Naftaly na fimbo yake na koti la Jumapili, Lennox akiwa amekoma utani kwa mara ya kwanza maishani, mbuzi mweupe kati yao. Watu waliuliza, wakajibiwa bila kificho. Lydiah aliwafuata kwa mbali mpaka kwenye ua wa Profesa, akasimama nje nyuma ya michongoma, akasikiza.

Alisikia Naftaly akisema maneno yake kwa Kimeru kizito, kile cha zamani. Alisikia Profesa akiuliza, "Nani amewatuma?" na Naftaly akijibu, "Nyumba ya mtoto." Mlango ukafungwa taratibu.

Waliporudi barabarani aliwadaka. "Alisema nini?"

"Hakusema. Alitutazama sana, akaingia ndani."

"Hakukohoa kama mzee anayepokea?"

"Hakukohoa."

"Hakumgusa mbuzi?"

"Tumemfunga kwenye nguzo ya lango, tukaondoka kama inavyotakiwa." Naftaly alijifuta jasho, akatabasamu. "Mzee akinyamaza amesikia, Mama Mukiri. Angekuwa anakataa angetufukuza."

Usiku ule Lydiah alilala kama mtu aliyelipa nadhiri. Na asubuhi ndiyo akamkuta mbuzi chini ya bendera.

Bi. Wamuyu alimwingiza Lydiah ofisini, akafunga mlango, kisha akaufungua, kisha akaufunga tena. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya jivu.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumemsemea mtoto."

"Kwa nani?"

"Kwa wazee. Si wewe mwenyewe ulitufundisha? Ulisema ni kama Njuri."

Binti yule alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa. Alisema polepole, kama anayetembea juu ya vigae. "Rufaa ya Antony ilikuwa imekwisha, Mama. Nzuri kabisa. Kila mtu aliyeisoma aliona kijana hana kosa. Mto ndio wenye kosa. Alhamisi walikuwa wanaipitisha, afanye mitihani aliyoikosa, aendelee na wenzake. Ilikuwa ya kupitisha tu."

"Basi..."

"Basi jana mwenyekiti ameletewa mbuzi nyumbani kwake na wafanyakazi wa Chuo kwa niaba ya mwanafunzi. Amejitoa katika kamati, na amepeleka taarifa kwa Mkuu. Wanakamati wenzake wameitana asubuhi hii hii, wakaitupa rufaa. Sasa kesi inakwenda kwa Seneti, na si kesi ya mitihani tena. Ni kesi ya hongo. Wanaweza kumfukuza kabisa."

Lydiah alisikia neno lile likimwingia kwa ubavu. Hongo. Alijua hongo, nani asiyeijua nchi hii? Hongo ilipita dirishani, ilikunjwa kwenye kiganja, ilijificha ndani ya gazeti. Yeye alikuwa amempitisha mbuzi mweupe mbele ya posta!

"Hongo?" Sauti ilimpasuka. "Wewe mtoto, unamjua mbuzi wa maombi? Hongo huliwa na mtu mmoja! Ungekuja wewe ungekula! Angekula hata aliyemkata jina!"

"Najua, Mama."

"Hujui! Ungejua ungewaambia!"

"Nimewaambia." Bi. Wamuyu alikuwa analia sasa, bila kelele, kama watu wa ofisini wanavyolia. "Nimewaambia ni mimi niliyesema ni kama Njuri. Wakaniuliza kama niliwaambia pia mahali ambapo si kama Njuri. Sikuwa nimewaambia."

Lydiah alipotoka, Antony alikuwa amesimama karibu na mlingoti, mikono mfukoni, akimtazama mbuzi. Umati ulikuwa umetawanyika lakini macho yalikuwa kwenye kila dirisha. Lydiah alimwendea akitamani apigiwe kelele. Kelele angezijua. Angezijibu, wangelia wote wawili, na jambo lingepata njia ya kutokea.

"Shikamoo, Mama," Antony alisema.

"Antony, mwanangu..."

"Nilikuwa nimepata, Mama." Alisema kwa upole uleule wa kuomba maji ya moto. "Jana asubuhi Madam aliniambia nianze kusoma, niwe tayari. Nilikuwa nimeshamwandikia mama yangu."

Akamwinamia kidogo, kama desturi yake, akaondoka. Lydiah alibaki na mbuzi. Mbuzi alikuwa ameanza maua ya upande wa kushoto.

Hakuna aliyethubutu kumfungua. Wakuu walisema ni ushahidi. Wazee wa langoni walisema mbuzi wa maombi akikataliwa harudi zizini alikotoka, maana atarudi na lile alilotumwa kuliondoa. Hivyo akabaki pale, akiletewa majani na wafagiaji, wanafunzi wakimpita na kumpa vyeo. Mara Mhadhiri, mara Mkuu wa Kitivo, mara Seneta. Jikoni wapishi waliosha vyombo bila kuvigonganisha. Wateja wa porojo walikuja, wakakuta moto umekufa mdomoni mwa Lydiah, wakajiondokea.

Jumapili baada ya ibada, Profesa Kirinya alikuja kwenye mlango wa nyuma wa jikoni. Hakuwa na tai. Lydiah alifuta kigoda kwa aproni, akamwekea, akammiminia chai, akabaki amesimama.

"Nilimjua mbuzi wako mara moja," Profesa alisema kwa Kimeru. "Mweupe vile, nimeona wachache. Baba yangu angeinuka kumpokea."

"Na wewe ukaingia ndani."

"Nikaingia ndani. Nilikaa nikitafuta neno la kuwaambia, nikakosa. Nikitoka nimwambie Naftaly hapana, nimemtukana mzee mlangoni pangu. Nikisema ndiyo, nimeuza kiti." Alitazama mikono yake. "Nimemleta Chuoni wazi kama mlivyomleta kwangu wazi. Nimeona angalau hiyo heshima niilipe."

"Umemwua mtoto, Profesa."

Nje mbuzi alilia, wote wawili wakageuza vichwa.

"Kuna jambo moja nilikuwa nataka kukuuliza, Lydiah. Si kwa ugomvi. Yule mwingine, aliye kwenye orodha ile ile pamoja na Antony, ambaye mama yake hana mbuzi. Yeye angesemewa na nini?"

Lydiah alifungua kinywa amjibu. Siku zote alikuwa na jibu, na kama hakuwa nalo aliazima la jirani. Lakini kilichomjia ni zizi la kule Mbeere, miti yake ikielea juu ya maji ya Thuchi, na mama mjane asiyemjua akiwa amesimama ukingoni akihesabu hewa. Kama Antony angekuwa na mama yake tu wa kumsemea, asingekuwa na mbuzi. Akachukua birika, akamjazia Profesa kikombe. Profesa akanywa chai yake yote, akasimama, akashukuru, akaenda.

Seneti ilikaa wiki ile. Bi. Wamuyu alikuja kuwaambia kwamba inataka shahidi mmoja aeleze mbuzi alitoka wapi. Naftaly akavaa koti lake la Jumapili, tayari kwenda.

"Mbuzi alitoka zizini mwa nani?" Bi. Wamuyu aliuliza.

"Mwangu," alisema Lydiah.

"Basi ni wewe, Mama."

"Mimi? Mwanamke?"

"Wewe."

Naftaly alimtazama Lydiah, Lydiah akamtazama Naftaly, na yule mzee, polepole, akalivua lile koti.

Lydiah alivaa gauni la kanisani na kitambaa kipya. Njiani aligundua kwamba mikono yake haijui pa kukaa. Miaka yote hakuwahi kuingia mahali pa watu bila kubeba kitu: sinia, birika, mwiko, kikapu, habari. Alitaka kurudi achukue angalau birika la chai. "Bila kitu, Mama," Bi. Wamuyu alimnong'oneza mlangoni. "Tafadhali. Bila kitu chochote."

Mlango ukafunguliwa, na jambo la kwanza alilolitambua lilimshtua kuliko mbuzi chini ya bendera, kuliko neno hongo. Kwenye ile meza ndefu, kati ya wale wazee, walikaa wanawake. Si wa kuandika wala wa kumimina maji. Walikaa kwenye viti sawa na vya wenzao, mafaili mbele yao. Mmoja, mama mnene wa miwani ambaye Lydiah alikuwa amempakulia chakula mara nyingi akimdhania katibu wa mtu, ndiye aliyemwelekezea kiti.

"Karibu, Mama Lydiah. Keti."

"Nitasimama."

"Ni sawa. Mwanafunzi Antony Rwamba alijua kuhusu mbuzi?"

"Hakujua. Nilimficha. Anayeombewa haambiwi."

"Ulimtuma kwa Profesa ukitarajia nini?"

Alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameandaa uwanja na nyama na mshtaki anayekula. Lakini alipoitazama ile meza, aliona mafaili, na juu ya lile la juu jina la yule mtoto, kurasa zake zimekunjamana pembeni kwa kufunuliwafunuliwa na vidole vingi. Alijua dalili ya kitu kilichoshikwa sana. Vijiko vyake vilikuwa hivyo.

"Nilitaka asikike," alisema.

Yule mama alivua miwani. "Alikuwa amesikika," akasema, bila ukali wowote.

Mikono mitupu ya Lydiah ilishikana yenyewe kwa yenyewe mbele ya gauni, ikakaa hivyo mpaka alipoambiwa anaweza kwenda.

Hawakumfukuza Antony. Kesi ya hongo ikafutwa, kwa kuwa hakujua. Lakini rufaa iliyotupwa haikuokotwa. Muda wa mitihani ile ulikuwa umepita wakati wakubwa wakibishana juu ya mbuzi, na neno lililotoka lilikuwa kwamba arudi nyumbani, aanze mwaka wa pili upya Septemba. Mwaka mzima. Lydiah na wenzake wakapewa onyo. Bi. Wamuyu aliitwa na Mkuu, akatoka na amri ya kuirudia semina ile tangu mwanzo, na mara hii asitumie mifano.

Siku aliyoondoka Antony, Lydiah alimngoja kwenye mlingoti. Ushahidi ulikuwa umekwisha kazi, na mtunza bustani alikuwa akisema maneno yasiyofaa kuandikwa. Alimfungua mbuzi kwa mkono wake mwenyewe. Zizini kwake hakuweza kumrudisha. Lakini usiku, akigeukageuka, alikuwa ameyapitia yote aliyofunzwa na mama yake na bibi yake, na hakukumbuka mahali palipokatazwa mbuzi huyo kuingia zizi la mtu mwingine.

Kijana alikuja na sanduku lake la bati begani. Alimsalimu. Akawasalimu wapishi waliojipanga nyuma ya Lydiah, kwa kufuata umri.

"Mpelekee Regina," Lydiah alisema, akamnyooshea kamba. Jina la mama yule alikuwa ameliuliza kwa karani. "Mwambie... nimesikia mto ulichukua wake. Dume ni dume. Ataanzia hapo."

Antony alitua sanduku. Alimtazama mbuzi, maua yote ya Mkuu tumboni mwake, kisha akamtazama yule mama aliyemgharimu mwaka. Macho yake hayakuwa na hasira wala hayakuwa na msamaha. Yalikuwa macho ya mtu anayesoma.

"Na huyu sasa," aliuliza kwa upole, "ni wa nini, Mama?"

Lennox, aliyekuwa amelisimamisha basi akimngoja, alizima injini. Lydiah alisimama na kamba mkononi, akiyapima majina aliyoyajua, maombi, hongo, fidia, na hakuna lililomfaa mnyama yule, huku mbuzi akivuta upande wa barabara, upande wa chini, kama aliyekwisha kuchoka kungoja watu waelewane.